Buibui wa mwanao hali wiki ya tano: amezeeka au anaumwa?

Mwishoni mwa Juni mama mmoja wa Uru Kaskazini alinitumia ujumbe mrefu kwa simu. Naunukuu kwa ruhusa yake, nimeondoa majina tu.

“Habari za kazi dada yangu. Nasoma ukurasa wenu kila wiki, ila leo nina swali ambalo naona aibu hata kumuuliza jirani. Mwanangu wa kwanza yuko bweni, kidato cha pili. Ana buibui wake mkubwa, yule mwenye manyoya, anamfuga kwenye ndoo tangu akiwa darasa la tatu. Alimtoa Mwanga kwa mjomba wake walipokuwa wanachimba msingi. Alipokwenda bweni alinikabidhi mimi. Sasa huyu buibui hali wiki ya tano, na akitembea anayumba kama mlevi. Baba yake anasema amezeeka, tumtupe mgombani, mtoto tumwambie ametoroka. Jumamosi ijayo ni siku ya wazazi kutembelea wanafunzi, na swali lake la kwanza huwa, ‘Mama, yuko hai?’ Nimwambie nini?”

Najua baadhi yenu mmeshasisimka mwili. Kwenye nyumba nyingi za kwetu buibui wa namna hiyo hufikia mwisho wa maisha yake chini ya kandambili. Lakini soma tena ujumbe huo. Mtoto ametunza kiumbe hai kwa miaka sita, akamwachia mama yake, na mama amekubali kufunika na kufunua ndoo ambayo hapendi hata kuitazama. Hilo si jambo la kumalizwa kwa kutupa kitu mgombani.

Nilimwomba picha tatu na video moja. Kabla sijasema nilichoona, tuelewane kwanza ni mnyama gani tunayemzungumzia.

Huyu ni jamii ya buibui wakubwa wa mashimoni ambao Wazungu huwaita tarantula. Tanzania tunao wa asili, hasa kwenye nyika kavu za tambarare. Ulaya na Marekani watu wanawafuga ndani, na wanawajua kwa majina ya kwetu: kuna aina ya rangi ya chungwa inayoitwa kwa jina la Usambara, na nyingine ya rangi ya haradali inayoitwa kwa jina la Kilimanjaro. Kwa hiyo kijana wa Uru hajafanya kituko. Tofauti ni kwamba wenzetu wana maduka ya vifaa, na yeye ana ndoo ya rangi ya lita 20.

Je, buibui wa miaka sita ni mzee? Hapo ndipo baba na mama walipotofautiana, na jibu linategemea kwanza kama ni dume au jike. Dume akikomaa maisha yake yanakaribia ukingoni. Kazi yake iliyobaki ni kutafuta jike, na wengi hufa ndani ya miezi au mwaka hivi, hata ukiwalisha vizuri namna gani. Utamtambua kwa miguu mirefu myembamba, mwili mdogo, na vile viungo viwili vifupi vya mbele karibu na mdomo, ambavyo huvimba nchani kama rungu dogo. Dume aliyefikia hapo kwa kawaida hajivui gamba tena.

Jike ni habari nyingine. Majike wa aina nyingi hupita miaka kumi. Mfano ninaoupenda unatoka Australia Magharibi, ambako mtafiti Barbara York Main alianza mwaka 1974 kufuatilia buibui wa mashimoni, kila mmoja na namba yake. Jike aliyeitwa Namba 16 alikutwa amekufa mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 43. Hakuwa tarantula hasa, ni binamu wa karibu. Na hata huyo hakufa kwa uzee: dalili zilionyesha aliuawa na nyigu anayetaga mayai yake kwa buibui. Miaka 43! Mtu anazaliwa, anasoma, anaoa, anaanza kupata mvi, na buibui yuko kwenye shimo lilelile.

Nilimuuliza mama kama buibui wao amewahi kujivua gamba. (Na hapa hatuzungumzii siasa.) Akasema ndiyo, Desemba, kijana akiwa likizo, na ganda lake bado amelihifadhi kwenye boksi la viatu. Basi huyo ni jike, au angalau si dume aliyekomaa. Alipookotwa alikuwa ameshafikia ukubwa wa kiganja cha mtoto, kwa hiyo tuongeze miaka kadhaa juu ya ile sita. Ni mtu mzima. Kumwita kikongwe ni mapema.

Sasa kuhusu kutokula. Hapa ndipo wazazi wengi hupotea, kwa sababu tunampima mnyama kwa kipimo cha mtoto. Mtoto asipokula siku mbili unakimbilia zahanati. Buibui mkubwa aliyeshiba anaweza kukaa miezi bila kula na asipungukiwe na kitu. Huacha kula akikaribia kujivua gamba, huacha baridi ikizidi, na wakati mwingine huacha tu kwa sababu tumbo limejaa. Na Uru Kaskazini mwezi Juni na Julai kuna baridi, wenyewe mnajua, asubuhi ukizungumza unatoa moshi mdomoni. Buibui aliyezaliwa Mwanga kwenye joto atapunguza mwendo. Wiki tano bila chakula, peke yake, haikunitisha.

Kilichonitisha ni picha ya pili, na zaidi ya hapo ile video.

Ukitaka kujua afya ya buibui, anza na tumbo, yaani ile sehemu ya nyuma iliyoviringana. Kwa mwenye afya ni nono na ngozi yake imetanda, ukubwa wake ukikaribia au kuzidi kidogo ile sehemu ya mbele inayobeba miguu. Likiwa dogo kuliko sehemu ya mbele na limejikunja mikunjo kama harage lililokauka, huyo ana kiu. Naam, kiu, kabla ya njaa. Na likivimba kupita kiasi, kama zabibu inayotaka kupasuka, anapewa chakula kingi mno. Hilo nalo ni hatari kwa sababu akianguka kidogo tu linaweza kuchanika, na buibui hana ngozi ya kushonwa.

Wa Uru alikuwa na mikunjo. Kile kifuniko cha soda anachowekewa maji kilikuwa kikavu na kimejaa utando na udongo. Mama alisema alikuwa anamnyunyizia maji “kidogo kwa juu” kila Jumapili akitoka kanisani. Haitoshi. Buibui anakunywa kwa mdomo, anainama na kuingiza uso kwenye maji, na anahitaji chombo kifupi chenye maji safi wakati wote.

Baada ya tumbo, tazama miguu. Hapa naomba unifuate taratibu kwa sababu ndiyo alama kubwa kuliko zote. Sisi tuna misuli ya kukunja goti na misuli ya kulinyoosha. Buibui ana misuli ya kukunja, lakini viungo vikubwa vya miguu yake hunyooka kwa kusukumwa na maji ya mwili, kama bodi la tipa linavyonyanyuliwa kwa nguvu ya oili. Maji yakipungua mwilini, au moyo ukichoka, msukumo unashuka na miguu inaanza kujikunja yenyewe kuelekea chini ya tumbo. Ndiyo maana buibui aliyekufa siku zote unamkuta amejikunja kama ngumi. Kwa hiyo ukimwona buibui wako amesimama, miguu imetawanyika, usihofu hata kama hali. Ukimwona miguu yote minane imeingia chini ya mwili na hasogei ukimgusa kwa unyoya, hali ni mbaya, mpe maji saa hiyohiyo.

Na kinyume chake: ukimkuta amelala chali, usimtupe. Nasisitiza hili kwa sababu ndilo kosa linalowaua wengi wakiwa wazima. Buibui anayejivua gamba hulala chali au ubavu, miguu juu, kimya kwa saa nyingi. Anaonekana maiti. Kumbe ngozi ya zamani inapasuka na anatoka ndani yake mpya, laini kabisa, hata meno yake ni meupe. Usimgeuze wala usimpulizie, wala usimtolee mtoto wa jirani aje kuona. Na wala usimwekee chakula kwa siku kumi hivi zinazofuata. Panzi aliye hai aliyeachwa ndani anaweza kumtafuna yeye.

Wa Uru hakuwa chali, na miguu yake haikuwa imejikunja yote. Ila kwenye video ilikuwa inashtuka-shtuka. Anainua mguu, unatetemeka, anaushusha mahali pasipo pake. Anakwenda hatua mbili, anapinda upande. Uzee hauleti mitetemo hiyo. Buibui mzee ni mzito, anateleza kwenye ukuta wa ndoo, anakosa shabaha akirukia panzi, lakini hatetemeki kama mtu aliyeshika waya wa umeme. Mitetemo ya namna hiyo unaiona kwa buibui aliyekutana na sumu.

Nikampigia simu. Shikamoo, marahaba, na maswali yakaanza. Je, mmepuliza dawa ya mende ndani? Hapana. Mende na panzi mnaomlisha wanatoka wapi? Panzi wa kwenye majani ya ng'ombe, kando ya mfereji. Kahawa ya jirani inapuliziwa dawa? Ndiyo, lakini ni mbali. Ng'ombe mnampulizia dawa ya kupe? Ndiyo, baba, kila baada ya muda. Na ndoo inakaa wapi? Chumbani kwa kijana. Imefunikwa na nini?

“Kifuniko chake kilipasuka tangu Pasaka, kwa hiyo mwezi wa tano nikafunika na kipande cha chandarua. Chandarua kipya kabisa, sikuweka kibovu.”

Ndugu msomaji, nadhani umeshaona.

Vyandarua tunavyopewa kliniki vimewekwa dawa tangu kiwandani. Dawa hiyo ni salama kwa mtoto anayelala ndani yake, na imeokoa watoto wengi wa nchi hii dhidi ya malaria, sitaki mtu aondoke hapa akidhani nakisema vibaya chandarua. Lakini imetengenezwa kuua mbu anayekigusa tu. Buibui naye hupanda ukuta wa ndoo usiku, hufika juu, hukanyaga wavu kwa miguu minane, tena hulamba miguu yake kuisafisha. Tarehe ya kuacha kula na tarehe ya kufunika ndoo zinafuatana kabisa. Mama wa watu alichagua kitu kisafi na kizuri zaidi alichokuwa nacho ndani ya nyumba, na hicho ndicho mtuhumiwa wangu wa kwanza.

Dawa ya kupe ndiyo ya pili kwenye orodha yangu, na hii inahusu kila nyumba ya Uru yenye ng'ombe wa ndani. Kupe si mdudu wa kawaida wa miguu sita. Kupe, utitiri, nge na buibui ni ukoo mmoja, wote wa miguu minane. Dawa iliyotengenezwa kuua kupe haijui kwamba buibui wa mwanao ana jina. Mtu aliyemaliza kumpulizia ng'ombe asifungue ndoo kabla ya kunawa kwa sabuni na kubadili nguo, na majani yaliyorukiwa na dawa yasitoe panzi wa kumlisha. Vivyo hivyo kwa panzi wa kwenye kahawa au nyanya zilizopuliziwa, na mende anayetembea mchana akipepesuka jikoni. Mende wa namna hiyo huenda ameshakunywa dawa kwa jirani.

Tulichokubaliana na mama ni hiki. Chandarua kiondoke siku hiyohiyo. Buibui ahamishiwe kwenye chombo kipya, kwa kumfunika na bakuli na kupitisha kadi ngumu chini yake, bila kumshika kwa mkono. Udongo wa zamani umwagwe, uwekwe mwingine uliotoka mahali pasipopuliziwa, wa kina cha kutosha achimbe. Kifuniko kiwe cha plastiki kilichotobolewa kwa msumari wa moto, matundu madogo kuliko kichwa chake. Maji kwenye kifuniko cha chupa, yabadilishwe kila baada ya siku mbili. Chakula kisimame kabisa kwa wiki mbili. Chombo kikae chumba chenye uvuguvugu, mbali na dirisha.

Niliongeza makatazo mawili, kwa sababu najua huruma ya mama inavyofanya kazi. Asimweke juani “apate joto”: ndoo ya plastiki ikipigwa na jua inageuka sufuria ndani ya dakika chache. Wala asimweke kando ya jiko la mkaa, kwa kuwa moshi na joto kavu vitammaliza kwa kiu. Na jiko la mkaa halilali chumbani kwa sababu yoyote ile, kwa usalama wa watu kwanza.

Siku ya nne mama aliniandikia kwamba amemkuta asubuhi ameinamia maji, uso ndani. Baada ya siku kama kumi mitetemo ilikuwa imekwisha. Hadi naandika haya bado hajala, ila ameanza kuziba mdomo wa shimo lake kwa utando mzito. Inaweza kuwa anajiandaa kujivua gamba. Akifanikiwa, ngozi mpya itamsaidia sana, hata mguu uliolemaa unaweza kutoka mpya. Lakini kwa buibui mtu mzima aliyedhoofika, kujivua gamba ndiko kunakoua wengi, kwa sababu anahitaji msukumo wote wa maji mwilini ili ajitoe kwenye ngozi ya zamani. Kwa hiyo maji, maji, maji, na asisumbuliwe.

Tuseme sasa baba alikuwa sahihi, au atakuwa sahihi baada ya miaka michache. Mnyama amezeeka kweli. Utunzaji wake haubadiliki sana, unapungua ukali tu. Kimo cha chombo kiwe kifupi ili akianguka asiumie, maana buibui mzee hushindwa kushika ukuta. Ondoa mawe na vigae vya kona kali. Mpe panzi mdogo kuliko zamani, na umuue kwanza, umlaze karibu na shimo. Asipomgusa mpaka kesho yake mtoe, maana mabaki huleta ukungu na utitiri. Usimlazimishe. Kula mara moja kwa mwezi kwa bibi wa aina hii si ugonjwa.

Kuna dalili chache ambazo hazina tiba, ni vizuri mzazi azijue ili asijilaumu. Ukiona utelezi mweupe kuzunguka mdomo, unanuka, na buibui ameacha kunywa, hiyo mara nyingi ni minyoo midogo sana iliyomwingia. Nawa mikono, usitumie chombo hicho kwa mnyama mwingine, na uwe tayari kumpoteza. Kidonda kinachovuja maji ya rangi ya samawati hafifu ni damu yake, damu ya buibui haina wekundu wetu. Kwa mchubuko mdogo mguuni, wafugaji hupaka unga wa ngano kidogo ili ugande na kuziba. Bwana mifugo wa kata atacheka ukimpelekea ndoo, lakini kwenye suala la dawa zipi zimepuliziwa wapi ana majibu mazuri kuliko mtu yeyote, muulizeni.

Na kabla ya kutamka kwamba amekufa, subiri siku mbili. Mlaze karibu kabisa na maji, mdomo ukigusa maji lakini mwili ukiwa nje, maana huvuta hewa kwa matundu ya chini ya tumbo. Wapo waliojikunja nusu wakaamka. Aliyekufa kweli atalegea, atanuka, na hapo hakuna shaka.

Sasa lile swali la mama: nimwambie nini mtoto?

Sikubaliani na “ametoroka”. Kwanza, mtoto aliyemlea buibui miaka sita anajua kifuniko kilivyo, hataamini. Pili, akiamini, atakaporudi likizo atageuza nyumba nzima kumtafuta, na mdogo wake wa miaka mitano atalala kwa hofu akijua kuna buibui anazurura uvunguni. Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Mtoto wa miaka 15 akikuta umemficha habari ya buibui, habari ya bibi yake akilazwa utamfikishiaje akuamini? Mimi nilimshauri mama amweleze yote, pamoja na chandarua, na amwoneshe video ya kabla na ya baada.

Walikwenda wote wawili, baba na mama. Mama anasema kijana alinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Miguu imejikunja chini au imekaa nje?” Imekaa nje. “Basi bado.” Kisha akamuuliza baba kama kahawa imeanza kuiva. Baba ndiye aliyerudi nyumbani akatoboa kifuniko kipya, mama alikuwa bado anatumia kile cha muda.

Wengine hamna buibui ila mna mbwa wa miaka kumi na mbili anayelala kutwa nje ya zizi, au paka aliyekonda ghafla. Njia ya kufikiri ni ileile. Neno “amezeeka” lije mwisho, baada ya kuuliza anakunywaje, anatembeaje, nini kimebadilika nyumbani mwezi uliopita, na dawa gani imepuliziwa. Mbwa mzee anayekunywa maji kupita kawaida au anayeshindwa kuinuka asubuhi ana maumivu au ugonjwa unaoweza kupunguzwa. Na uzee haumwondolei mbwa chanjo ya kichaa cha mbwa, maana kichaa hakiangalii umri.

Nimalizie na wale watakaonipigia kuuliza kama huyu buibui ataua watoto. Buibui wakubwa wa Afrika Mashariki ni wepesi na wakali kuliko wale wa Amerika mnaowaona kwenye video wametulia mkononi mwa mtu. Wakibanwa wanauma, na kuuma kwao kunatia maumivu makali, uvimbe, na kwa baadhi ya watu misuli kukaza inayoweza kurudi kwa siku kadhaa au wiki. Kifo si jambo linalojulikana kwao, lakini maumivu hayo mtoto mdogo hastahili. Ndiyo maana ndoo iwe na kifuniko kinachobana, ikae juu ambapo mdogo hafiki, na hakuna kumshika, hata mwenye buibui mwenyewe.

Akiuma mtu, osheni jeraha kwa maji na sabuni, wekeni kitambaa chenye maji baridi, mpeni parasetamo kwa kipimo cha uzito wake. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba, msimwagie mafuta ya taa, na lile jiwe jeusi la nyoka libaki kwenye kabati. Mpelekeni kituo cha afya haraka kama ni mtoto mdogo, kama misuli inakaza, anatapika, anapumua kwa shida au uso unavimba. Ulizeni pia kama chanjo yake ya pepopunda iko sawa.

Na watoto wa majirani ambao wameshaanza kuomba kutafutiwa wa kwao, waambieni hapana. Mwaka 2016 Serikali ilisitisha kusafirisha wanyamapori hai kwenda nje ya nchi, kwa hiyo anayewanunulia watoto buibui na vinyonga huko mitaani akisema ana wateja Ulaya anawatafutia matatizo. Ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, ambayo tangu 2005 inajumuisha na msitu ulio juu yetu, hakuokotwi kiumbe chochote. Kwingine, muulizeni kwanza ofisa wanyamapori wa wilaya kabla mtoto hajaja na ndoo.